Karatasi ya Don Cándido

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema ili asije mtu akanisifu mbele ya safari. Naogopa mbwa, naogopa lifti, naogopa simu inayolia asubuhi kabla sijamaliza kibuyu changu cha kwanza cha yerba, majani ya chai ya kwetu. Kazini tu ndiko nilikojifanya simba, na huko ndiko nilikopaswa kuogopa.

Tuko watu tisa, ghorofa ya pili, juu ya duka la magodoro hapa Montevideo. Tunatengeneza programu ya kuandikia karatasi za dawa kwa zahanati za mashambani. Tumeipa jina la Tero, yule ndege wa malishoni anayekupigia kelele ukikaribia kiota chake, na Tero wetu naye kazi yake ni kelele. Nesi anaandika jina la mgonjwa, umri, uzito, dawa na kipimo. Kila akibonyeza herufi moja, Tero hujiuliza maswali elfu nne. Je, huyu ni mtoto? Ana kilo chini ya kumi? Ni mjamzito? Figo zake nzima? Dawa hii na ile zinapatana? Kanuni moja ikitimiza masharti yake yote, ukanda mwekundu unapita juu ya skrini, kengele inalia, na karatasi haichapishiki mpaka kosa lirekebishwe.

Shida ilikuwa moja: alikuwa mzito. Kanuni zile zimeandikwa kwa maneno ya kawaida ili madaktari waweze kuzisoma, na Tero alizisoma upya kila mara, neno kwa neno, kama mpishi anayefungua kitabu cha mapishi ukurasa wa kwanza kila anapotaka kutia chumvi. Kwenye kompyuta zetu mpya huoni kitu. Kwenye kompyuta za mashambani, ambazo nyingine zina umri wa kuoa, nesi aliandika "Rodríguez", akaenda kuteleka maji, akarudi akakuta "Rodr". Kufungua karatasi mpya kulichukua dakika nzima. Malalamiko yalikuja kwa barua, kwa simu, na mara moja kwa pakiti ya karanga iliyoandikwa juu yake: za kula wakati tunasubiri.

Nikapewa kazi ya kumpa Tero miguu. Nilikaa nayo wiki saba. Kwanza nikafanya kanuni zote zisomwe mara moja tu, zigeuzwe kuwa lugha ya mashine, fupi, kavu, tayari kutumika. Hilo halikuwa na ubaya, na hata leo nalitetea. Kisha nikaongeza ujanja wangu mwenyewe. Niliona kwamba kuna mambo yasiyobadilika: umri wa mtu, uzito wake, mimba yake. Ya nini kuyauliza kwa kila herufi? Nikaamua yaulizwe mara moja, pale karatasi inapoandikwa kwa mara ya kwanza, na kanuni zisizomhusu mgonjwa huyo zitupwe hapo hapo. Mzee wa miaka themanini ana haja gani na kanuni za watoto wachanga? Maswali elfu nne yakashuka yakawa tisini.

Wilson Pintos, aliyemwandika Tero wa kwanza miaka kumi na tisa iliyopita, alisimama nyuma ya kiti changu na kibuyu chake mkononi, akasoma kwa mwendo wake wa kobe. Ni mtu wa miaka sitini na tatu anayekagua mlango mara tatu kabla ya kuondoka. Akaniuliza, "Na mgonjwa akibadilika?"

"Mgonjwa habadiliki katikati ya karatasi, mzee," nikamjibu. "Labda huko kwenu."

Watu wakacheka. Wilson naye akacheka kidogo, akaenda kukaa. Majaribio elfu moja na mia mbili yakapita yote bila doa. Kila jaribio lilianza na karatasi mpya, kwa sababu mimi ndiye niliyeyaandika, na mimi hufungua karatasi mpya kwa kila kitu. Tero mpya akapelekwa kwenye zahanati sitini na moja. Ijumaa ile tukachoma nyama kwenye paa la jengo, na Rómulo Berriel, mkubwa wetu, akanikabidhi kipande cha kwanza cha mbavu mbele ya wote. Nilivimba kichwa, sitaki kusema uongo.

Siku ya kumi na moja, Jumanne, saa nne na robo asubuhi, simu ililia. Alikuwa doña Ibis Olivera, kama tunavyomwita kwa heshima, nesi wa Paso de las Garzas, kilomita mia tatu na arobaini kaskazini. Ndiye aliyetuma karanga. Alikuwa amepiga kushukuru.

Alisema siku hizi Tero anaruka, herufi inatokea kabla kidole hakijainuka, foleni ya barazani inakwisha kabla ya chakula cha mchana. Nikamshukuru na mimi. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta namna ya kumuaga kwa heshima aliposema neno moja la nyongeza.

"Na ameacha ule umbeya wake, mwanangu. Zamani kila saa kengele, kila saa mstari mwekundu. Sasa hata kengele moja kwa siku sisikii. Mmemfundisha adabu."

Nikamuuliza kwa siku zamani alikuwa akisikia ngapi. Akasema nne, tano, kutegemea amechoka kiasi gani. Kengele tano kwa siku hazipotei hivi hivi. Kasi haipunguzi makosa ya watu.

"Doña Ibis, hebu nieleze. Mgonjwa akiondoka, akaingia mwingine, unafanyaje?"

"Nafanyaje tena? Nafuta jina, naandika jina jipya."

"Hufungui karatasi nyingine?"

"Karatasi nyingine ya nini? Kufungua ilikuwa dakika nzima, na watu kumi na wawili barazani. Nafungua moja saa moja asubuhi, nafunga jioni. Tangu enzi za marehemu Nair, aliyenifundisha kazi. Kwani ni vibaya?"

Haikuwa vibaya. Kwa miaka kumi na tisa haikuwa vibaya hata kidogo, maana Tero mzito wa Wilson aliuliza upya kila kitu kwa kila herufi. Umfute mzee uweke mtoto, angekugundua papo hapo na kupiga kelele. Tero wangu alikuwa akimtazama mgonjwa wa kwanza tu, saa moja asubuhi, na kuanzia hapo kila aliyeingia alikuwa ni yule yule. Uzito wetu wenyewe ndio uliowazoesha manesi wale mtindo huo. Na mimi nilikwenda kuwaondolea uzito bila kuuliza walikuwa wamezoea nini.

Nikamuuliza leo alianza na nani.

Alianza na don Cándido, kama kila Jumanne. Mzee wa miaka themanini na mbili, mnene, mwenye kifafa. Tangu apate kiharusi hawezi kumeza vidonge, kwa hiyo anapewa dawa ya maji: mililita kumi na tano, kikombe kizima cha kupimia. Na aliyemfuata? Aliyemfuata aliingizwa mbiombio: Maite, mtoto wa Yanela, miezi saba, kilo saba, amepatwa na degedege. Daktari alikuwepo, ilikuwa siku yake. Akamtuliza mtoto, akaagiza dawa ile ile ya don Cándido, mililita mbili, kila baada ya saa nne. Doña Ibis akampa dozi ya kwanza kwa mkono wake mwenyewe saa mbili kamili. Kisha akaandika karatasi ya kwenda nayo nyumbani. Daktari akaitia saini huku anavaa koti, gari lilikuwa linamngoja aende zahanati nyingine. Kengele haikulia, na wote wawili walikuwa wamezoea kwamba pakiwa na kosa kengele hulia.

"Dawa ilikuwa ile ile," nikasema. "Ulibadilisha nini kwenye karatasi?"

"Jina. Umri. Uzito." Akahesabu tena. "Na kipimo."

"Una hakika kipimo ulibadilisha?"

Nilisikia anavuta pumzi. Akasema anadhani alibadilisha. Kisha akasema mtoto alikuwa analia, na Yanela alikuwa analia, na kuna mtu alikuwa anagonga mlango. Kisha akasema hajui.

Nikamwambia aangalie nakala. Nikakumbuka huku nikisema kwamba nakala haipo: Tero huhifadhi karatasi inapofungwa, na ile haijafungwa tangu asubuhi. Juu ya Maite walikuwa wameshaandikwa watu wengine sita. Karatasi pekee iliyokuwa na jibu ilikuwa kwenye mkoba wa Yanela, na Yanela alikuwa ameshafika kwao, kilomita tisa ng'ambo ya kijito, mahali ambapo simu haishiki. Dozi ya pili ilikuwa saa sita. Saa ya ukutani kwetu ilisema saa nne na dakika ishirini na nne.

Ningeweza kutafuta maneno. Nilisikia viatu vya Rómulo vinakuja kwenye ukumbi, na nilijua akifika atanizuia. "Doña Ibis," nikasema, "mimi nimekosea. Programu yangu haikumwona Maite. Ilidhani bado ni don Cándido. Kama kipimo hukukibadilisha, hakuna aliyekibadilisha. Mtu lazima afike pale kabla ya saa sita."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alisema gari la polisi haliwezi kuvuka, mvua ya siku tatu imejaza kijito, Yanela mwenyewe alivuka kwa farasi, lakini trekta ya jirani yake Heber inavuka. Halafu akakata simu.

Rómulo alikuwa amesimama mlangoni. Si mtu mbaya, ila ana watoto wa kuwalisha na wakili wa kumwogopa. Alinivuta pembeni akaniambia kwa sauti ya chini kwamba neno "kosa" halitamkwi kwenye simu, kwamba tutaandika barua nzuri kwa zahanati zote, tutarekebisha kimya kimya kabla wiki haijaisha. Nikamwambia mficha maradhi kilio humuumbua, na kilio hiki kina jina, kinaitwa Maite. Wilson hakubishana na mtu. Alikuwa ameshakaa kwenye meza yangu, akatuma amri ya kumrudisha Tero wa zamani kwenye kompyuta zote sitini na moja. Vidole vyake vilikwenda haraka kuliko nilivyowahi kuviona.

"Sasa hivi watalaani uzito," akasema. "Waache walaani."

Kilichobaki kilikuwa kungoja. Kwenye kompyuta yangu Tero mpya alikuwa bado yupo, nikamfungua. Nikaandika mzee, miaka themanini na mbili, kilo tisini, dawa ile, mililita kumi na tano. Nikafuta jina, nikaandika la mtoto. Nikafuta umri, nikaandika miezi saba. Nikafuta uzito, nikaandika kilo saba. Nikaacha kipimo kama kilivyo. Skrini ilibaki nyeupe. Hakuna ukanda, hakuna kengele. Nikabonyeza kuchapisha, na mashine ya kuchapa pale pembeni ikaitema karatasi ikiwa na joto, safi, imepangika vizuri, na nembo yetu ya ndege juu. Karatasi ile iliniogofya kuliko mbwa wote niliowahi kuwakimbia. Ilionekana ya kuaminika. Mimi mwenyewe ningeiamini.

Saa tano. Trekta inakwenda kilomita ngapi kwa saa kwenye tope? Wilson alisema kumi, kisha akasema labda sita. Nikapiga hesabu, nikaipiga tena, na kila mara doña Ibis alifika saa sita kasoro kidogo, kama kijito kingemruhusu. Nilimwona juu ya trekta na gauni lake jeupe, ameshika bomba la kiti kwa mikono miwili, mama wa miaka hamsini na nane. Nikapiga simu yake. Haipatikani. Nikapiga tena.

Saa tano na nusu. Wilson alinimiminia maji ya moto kwenye kibuyu na kunisogezea. Sikunywa. Nilimwambia kwamba aliniuliza, na mimi nikamfanyia mzaha mbele ya watu. Akasema kwamba naye hakujua kwa nini aliuliza. Hakuwa amewafikiria manesi hata mara moja. Alimwandika Tero aulize kila kitu kila mara kwa kuwa alikuwa mwoga, basi, na aliona haya kuusema uoga wake mbele yangu, msichana anayejua kazi kuliko yeye.

Saa sita ilifika. Hata Rómulo alikuwa amekaa juu ya boksi la karatasi, tai imelegea, macho kwenye simu yangu. Nilifikiria kikombe kile cha plastiki kinachokuja na chupa, kile chenye mistari pembeni. Nilimfikiria mama anayetii. Mama mvivu angesahau, mama mkaidi angebisha, lakini mama mwema aliyetishwa na degedege saa moja asubuhi angetazama saa, angesoma karatasi, angemimina mpaka kwenye mstari ulioandikwa. Nilimwomba Mungu ambaye sijamsalimu tangu kipaimara awe amemfanya Yanela mzembe kidogo, leo tu.

Saa sita na nusu. Saa sita na dakika arobaini. Kijito kilikuwa kimemchukua, niliamini hivyo, nikaanza kumlilia doña Ibis pia.

Simu ililia saa saba kasoro dakika nane. Nilisikia upepo kwanza, na injini ya trekta. Alikuwa amepanda kilimani kutafuta mtandao.

"Sikubadilisha," akasema doña Ibis. "Ni kumi na tano. Imeandikwa kumi na tano, na saini ya daktari chini."

Sikuthubutu kuuliza kama mtoto ameinywa. Wilson alichukua simu mkononi mwangu, akaiweka wote wasikie, akauliza yeye.

"Alikuwa amelala," doña Ibis akasema. "Mtoto alikuwa amelala. Mama yake akaona mtoto aliyetaabika hivyo haamshwi. Kikombe kilikuwa mezani, kimejaa mpaka juu, kimefunikwa na kisahani nzi wasiingie. Alikuwa anangoja afumbue macho tu." Upepo ukapita. "Yanela anasema aliona ni nyingi. Akamwambia mumewe, hii si nyingi? Mumewe akamwambia, mashine yao hupiga kelele ikiwa nyingi."

Alisema ameimwaga dawa kwa mkono wake, amempima mtoto, anapumua vizuri, atashinda naye hapo mpaka jioni. Kisha akaanza kulia, na kwa kilio chake nikajua kwamba aliogopa kuliko mimi, maana mkono uliochapisha ulikuwa wake.

Rómulo alifunika uso kwa viganja. Mtu fulani nyuma yangu akasema tumshukuru Mungu, tumepona. Watu wakaanza kusogeza viti, mmoja akaenda kuwasha jiko aweke maji. Nilitaka na mimi niwe mmoja wao. Lakini nilikuwa nimeshaanza kuhesabu, na nikishaanza sijui kuacha. Zahanati sitini na moja. Siku kumi na moja. Kila asubuhi don Cándido mmoja, na nyuma yake watu ishirini, thelathini, wote wamepimwa kwa kanuni zake, na karatasi zao zimeandikwa juu ya karatasi za wenzao, hakuna nakala hata moja ya kusoma. Maite tulimjua kwa kuwa mwanamke mmoja alipiga simu kushukuru. Wengine walikuwa na vikombe vyao mezani huko waliko, na si kila mtoto alikuwa amelala.

Rómulo alielewa nilipovuta orodha ya zahanati. Aliniangalia, nikadhani atanizuia tena. Akachukua nusu ya pili ya majina, akaketi mbele ya simu nyingine.

Wa kwanza kwenye nusu yangu alikuwa nesi kijana wa mpakani, ambaye sijawahi kusema naye. Nikajitaja. Nikamuuliza mgonjwa mmoja akiondoka na mwingine akaingia, huwa anaifunga karatasi.

Akacheka, bila ubaya wowote. "Kuifunga? Dada, kwani kuna anayeifunga?"

Nikamwomba atafute kiti akae.